Ningu: Samaki Apandaye Mto Kuzaa

Mama mmoja miongoni mwa wasomaji wetu, aliyehama Mombasa kumfuata mumewe kazini Homa Bay, ametuletea barua fupi. Anasema amekwisha kuwazoea samaki wa ziwa: mbuta humpika kwa nazi kama alivyokuwa akimpika changu, na omena huwakaanga hata wakakauka, watoto wakawatafuna kama bisi. Lakini kila akiketi uani kupaa samaki, jirani yake, bibi wa Kijaluo aliyekula chumvi nyingi, humtazama na kumwambia: "Mwanangu, wengi katika hawa mnaowala siku hizi ni wageni. Mwenyeji wa mto alikuwa ningu, nawe umekuja akiwa amekwisha kwenda zake." Msomaji wetu anauliza: ningu ni samaki gani, amekwenda wapi, na je, yumkini akarudi?

Tumelipokea swali hili kwa furaha. Sisi wa pwani tumelelewa na samaki, twajua majina yao na majira yao, lakini habari za samaki wa bara ni wachache kwetu wanaozijua. Twadhani ziwa lile kubwa ni kapu lisilokwisha. Habari ya ningu yatuonyesha jambo lifaalo kujulikana hata huku kwetu: samaki aweza kumalizwa kwa kuvuliwa saa isiyofaa na mahali pasipofaa, hata kama idadi ya wavuvi si kubwa sana.

Ni nani huyu ningu?

Wataalamu humwita Labeo victorianus, jina alilopewa mwaka 1901 na George Boulenger, mtaalamu wa viumbe wa jumba la makumbusho jijini London. Jina hilo latokana na ziwa lenyewe, kwa kuwa samaki huyu hapatikani mahali pengine popote duniani ila katika Ziwa Victoria na mito ya bonde lake. Wajaluo humwita ningu, na ndilo jina linalotumika sana hata katika maandishi ya wataalamu.

Si samaki mkubwa. Aliye mrefu kabisa hufikia kiasi cha sentimita 40, na wengi waonekanao leo ni wafupi kuliko hapo. Mdomo wake uko upande wa chini wa kichwa, nayo midomo ni minene. Kinywani hana meno; meno yake yamo kooni, kama ilivyo kwa samaki wa jamii yake yote. Haliwindi windo. Chakula chake ni mwani mwembamba uotao juu ya mawe, pamoja na machicha ya mimea yaliyotulia chini ya maji. Atakayetaka mfano wa pwani na amfikirie pono akwanguaye miamba, au tafi alaye majani ya bahari: nao pia hugeuza kisicholiwa na mwanadamu kikawa kitoweo cha mwanadamu.

Ana miiba midogo mingi, na kwa hiyo mlaji wake sharti awe na subira. Pamoja na hayo alipendwa sana. Wazee wa maeneo ya Migori na Homa Bay humkumbuka akiwa mbichi, akiwa amekaushwa juani na akiwa amebanikwa kwa moshi, akawekwa akiba kwa siku ambazo mto haukutoa kitu.

Safari ya mvua

Sehemu kubwa ya mwaka ningu mkubwa hukaa ziwani, karibu na ukingo na mahali mito inapoingilia, ingawa wengine hubaki mitoni. Mvua zinyeshapo katika vilima vya Kisii na Nyamira, Mto Kuja, ambao watu wa Kisii huuita Gucha, hujaa na kubadilika rangi. Mto Migori nao hujaa, kisha mito hiyo miwili hukutana na kuliingia ziwa pamoja katika sehemu za Nyatike. Maji yale mapya ndiyo wito wa ningu. Majike, matumbo yakiwa yamejaa mayai, na madume pamoja nao, hukusanyika mlangoni mwa mto, kisha huanza kupanda, kundi baada ya kundi, dhidi ya mkondo. Jambo hili huandamana na mvua: mara moja wakati wa masika na mara ya pili wakati wa vuli.

Desturi yetu ya pwani ni kwamba binti akikaribia kujifungua mimba ya kwanza hurudi kwa mamake, apate utulivu na mtu wa kumtazama. Ningu naye huenda kutafuta utulivu. Mkondo wa mto si makao ya kuzalia, kwa kuwa una nguvu na maadui. Aendako ni kandokando, mahali mto ulipovuka kingo zake na kuyafunika majani ya bondeni. Pale maji ni ya kina kifupi, yametulia, yana vuguvugu, na samaki wakubwa ni wachache. Katika majani hayo jike mmoja hutaga mayai makumi ya maelfu.

Hapa ningu atofautiana sana na ngege. Mama ngege hutaga mayai machache, akayatia kinywani mwake, akakaa nayo humo hata watoto waanguliwe, na hatari ikitokea huwarudisha kinywani tena. Mama ningu hana malezi hayo. Akiisha kutaga huteremka zake, watoto akawaachia mafuriko. Watafiti Geoffrey Fryer na Peter Whitehead, walioandika juu ya uzazi wake mwaka 1959, walieleza jinsi vifaranga wanavyokua katika maji hayo ya muda. Mayai huanguliwa upesi, vifaranga wakapata vijimea na vijidudu vya kula, kisha hufuata maji yanapopungua, wakarudi mtoni na mwishowe ziwani. Mvua ikikatika ghafla, madimbwi hukauka nao wakafa. Ndiyo maana mayai yamekuwa mengi, ili wachache watakaosalimika watoshe.

Yafaa tuuzingatie mpango huu. Maisha ya ukoo mzima yamewekwa katika majuma machache ya mvua na katika njia moja nyembamba, nayo ni mlango wa mto. Mwenye kuuziba mlango huo katika majuma hayo hahitaji kuvua mwaka mzima ili aumalize ukoo.

Wavu mlangoni

Wenyeji wa mito hii walimvua ningu tangu zamani. Walitumia vikapu vya kutegea na nyua za miti zilizokatiza mto, vyombo ambavyo msomaji wa Lamu au Vanga atavifananisha na madema na nyando za kwetu. Mitego hiyo ilipata samaki wengi, lakini ilikuwa na mipaka yake. Mto ukifurika sana maji yalipita juu na kando ya ua, samaki wakapita nayo. Tena baadhi ya mitego ilielekezwa kuwanasa wateremkao, yaani wale waliokwisha kutaga.

Mwaka 1905 nyavu za kunasa, za jamii ya jarife letu, zililetwa kwa mara ya kwanza katika ghuba ya Winam, ambayo ukingo wake wa kusini ndio Homa Bay ya leo. Wavu huo haumngojei samaki ndani ya mto. Hutandazwa ziwani penyewe. Haukupita muda mrefu ngege wakaanza kupungua. Serikali ya kikoloni ilimtuma Michael Graham kulichunguza ziwa katika miaka ya 1927 na 1928, na mwaka 1933 ikawekwa sheria kwamba matundu ya nyavu yasiwe madogo kuliko inchi 5. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya ngege. Kwa ningu, mwenye mwili mwembamba, ilikuwa kinga aliyoipata kwa bahati, maana tundu la inchi 5 humwachia akapita. Baadaye sheria ikaondolewa, na kwa upande wa Kenya ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyavu za matundu madogo zikaenea. Mahali pa kuzitega hapakuhitaji kutafutwa: ni pale pale mlangoni mwa mto, katika siku zile zile za mvua, ningu wakiwa wamejazana na mayai yao.

Mwaka 1965 mtaalamu wa samaki aitwaye Cadwalladr alichapisha makala juu ya kuanguka kwa uvuvi wa ningu, akitumia mfano wa Mto Nzoia. Alionyesha pia kwamba mbinu za kienyeji za kuvua mtoni zilikuwa zikififia pamoja na samaki wenyewe. Ua hauna kazi iwapo hapana apitaye. Mkasa wa Nzoia ndio uliokuwa mkasa wa mito mingine ya ziwa hili.

Twautaja mwaka huo kwa sababu maalumu. Watu wengi, wakiulizwa ni nani aliyewamaliza samaki wa asili, humtaja mbuta. Ni kweli kwamba mbuta, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliwala samaki wadogo kwa wingi, hasa wale waitwao fulu. Lakini mbuta alienea na kulitawala ziwa katika miaka ya 1980. Ningu alikuwa amekwisha kuanguka kabla ya hapo. Mbuta alimkuta mgonjwa kitandani. Aliyemlaza ni mkono wa mwanadamu.

Leo Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, limemweka ningu katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka duniani.

Mito ya leo

Lau shida ingekuwa nyavu peke yake, dawa yake ingekuwa nyepesi. Lakini njia yenyewe nayo imeharibika. Vilima vinavyolimwa hadi ukingoni hutoa udongo mwingi, na udongo huo hufunika mawe aliyokuwa akiyalisha ningu. Mabonde yaliyokuwa yakifurika yamelimwa na kuwekewa makingo, na hatuwezi kuwalaumu wenye mashamba, kwa kuwa gharika iliyo neema kwa samaki huwabomolea wao nyumba. Huko Nyatike, sehemu za Macalder na jirani zake, kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu. Wao hutumia zebaki kuitenga dhahabu na mchanga, na zebaki ni sumu ikaayo muda mrefu katika maji na katika miili. Wanawake wengi hufanya kazi hiyo ya kusafisha mchanga, watoto wao wakiwa karibu nao. Ubaya wa jambo hilo waanzia kwao kabla haujafika kwa samaki.

Yako pia mabwawa. Mto Kuja una kituo cha umeme cha Gogo tangu miaka ya 1950. Mto Sondu-Miriu, unaopakana na Homa Bay kwa upande wa kaskazini, una kituo cha megawati 60, na maji yake huchepushwa katika handaki la zaidi ya kilomita 6. Kabla ya ujenzi huo, watafiti Ochumba na Manyala walikuwa wameuchunguza Sondu-Miriu, na katika taarifa yao ya mwaka 1992 walieleza habari za samaki wapandao mto huo, ningu akiwa mmoja wao. Umeme tunauhitaji sote. Hata hivyo, kila maji yanapochepushwa yafaa iulizwe: je, kiasi kilichobaki mtoni chatosha samaki kupanda katika siku za mvua?

Anayeumia ni nani?

Huenda msomaji akauliza, kuna hasara gani samaki mmoja akipotea na wengine wakibaki? Jibu la kwanza ni kwamba mwenye mto alipoteza kitoweo kilichokuwa kikimjia mlangoni bila mashua wala injini. Familia iliyokaa mbali na ziwa, kwenye kingo za Kuja, ilikuwa ikila ningu bila kununua kwa mtu. Leo yanunua, au yakosa.

Jibu la pili lawahusu wanawake hasa. Katika fuo za Homa Bay na Migori biashara ya samaki imo mikononi mwa akina mama, nao hutegemea mashua za wanaume. Samaki wanapokuwa wachache na wanunuzi wengi, mwenye samaki hupata nguvu juu ya mwenye ndoo. Hapo ndipo ilipozaliwa ile desturi mbovu iitwayo jaboya, ya mchuuzi kulazimika kuutoa utu wake ili auziwe samaki. Maradhi na majonzi yaliyoletwa na desturi hiyo katika nyumba za kule hayahitaji maelezo marefu. Tukisema tuhifadhi samaki, twasema pia mama mchuuzi asidhalilishwe kwa ajili ya ndoo moja.

Yapo matumaini

Ningu hajatoweka. Bado yumo katika baadhi ya mito, kwa uchache. Tena njia ya kumzalisha imepatikana. Mwaka 2004 mtafiti wa Uganda, Justus Rutaisire, pamoja na mwenzake Booth, walichapisha taarifa ya jinsi walivyofaulu kumtagisha ningu akiwa katika hifadhi, kwa kumpa homoni badala ya wito wa mvua ambao bwawa haliwezi kuutoa. Hapa Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ambayo makao yake makuu yako kwetu Mombasa, imeifanya kazi kama hiyo katika kituo chake cha Kegati, Kisii, karibu na vilima unakoanzia Mto Kuja.

Kazi hiyo ni njema, lakini tusijidanganye. Vifaranga elfu wakitiwa katika mto ambao mlango wake una nyavu, tumewalea ili wanaswe. Kinachohitajika kwanza ni kuuacha mlango wazi katika majuma ya mvua, na bonde kidogo liachwe lifurike. Si jambo geni katika ziwa hilo: kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa ili wazaane. Wavuvi hulalamika, nasi twaelewa, kwa kuwa tumbo halifungwi kwa tangazo. Lakini funguo zikifunguliwa, omena huonekana.

Huku pwani nasi tumeyaona. Wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, waliitenga sehemu ya bahari yao wenyewe kwa hiari, ikawa tengefu, na samaki wakarudi. Huko Kisiwa Panza, Pemba, watu hufunga miamba ya pweza kwa muda, na siku ya kufungua akina mama huchokoa pweza wenye uzito.

Qurani Tukufu imetupa kisa cha mji uliokuwa kando ya bahari. Samaki wa watu wale waliwajia waziwazi siku waliyokatazwa kuvua, na siku nyingine hawakuja, wakatafuta hila. Hatusemi kuwa hukumu yao ya Sabato ni hukumu yetu, wala kuwa kumvua ningu ni haramu. Twasema kwamba mtihani wafanana: kumwona samaki mbele yako, tele, mikono yako ikiwa na wavu, kisha kujizuia kwa kuwa si wakati wake.

Jibu kwa msomaji wetu

Basi dada yetu wa Homa Bay, mambo matatu yako katika uwezo wako. Ukimkuta ningu sokoni wakati wa mvua, tumbo limejaa mayai, mwache hata akiwa rahisi. Twajua utamu wa mayai ya samaki, nasi twayapenda, lakini mnunuzi akosekanapo mtegaji hupunguza safari. La pili, kamati za usimamizi wa fuo, ziitwazo BMU, zilizowekewa kanuni mwaka 2007, zina nafasi ya wachuuzi wala si za wenye mashua tu. Ukiwa na marafiki wauzao samaki, wahimize waingie na wauseme wakati wa ningu, kwa kuwa wao huona kila kinachoshushwa ufuoni.

La tatu ni jepesi kuliko yote, na huenda ndilo la haraka zaidi. Keti na yule bibi jirani yako, umpikie chai ya tangawizi, umwulize: ningu walikuwa wakipanda mwezi gani, mto gani, bonde gani, na ni nani aliyekuwa akiamua siku ya kuweka ua? Andika majibu yake katika daftari. Watafiti wana vipimo, lakini kumbukumbu ya mto ulivyokuwa kabla ya nyavu imo katika vichwa vya watu wa umri wake, na umri huo haungoji. Ukiisha kuandika, tuletee nasi nakala.

Tukijaaliwa, juma lijalo tutajibu swali la mama wa Malindi kuhusu kuhifadhi unga usipate wadudu wakati wa masika.